Presha ya Maharage Si ya Kuhifadhia Nyama Kwenye Chupa



Wiki iliyopita alikuja bi harusi wetu mmoja kupima gauni kwa mara ya pili. Sisi ni wawili, mawifi, tuna chumba kimoja na vyarahani vitatu, na Shaabani kila mwaka hutukuta na kazi mpaka shingoni, maana kila mtu anataka kuoa au kuozesha kabla ya mwezi mtukufu. Basi tukiwa tunambana kiuno kwa pini, mwenyewe akatoa simu kutuonyesha picha. Chupa kumi na mbili, zimepangwa safi, vifuniko vimefungwa utepe wa dhahabu. Pweza wa nazi, nyama ya ng'ombe, maharage. Za kwenda nazo ukweni, ili Ramadhani yake ya kwanza isimkute mikono mitupu.

"Nimepika mwenyewe dada, kwenye presha kuka. Zinakaa mwaka mzima, wala hazihitaji friji. Kabatini tu."

Wifi alijichoma pini kidoleni. Hatukumcheka bi harusi, na wala hatukuwa na uso wa kumcheka, kwa sababu na sisi tumewahi kufanya hayohayo, tena tukauza.

Ilikuwa Ramadhani mbili nyuma. Kazi ya kushona ilipungua, tukasema tutafute riziki kwengine. Tuliona kwenye simu mama mmoja wa Marekani akitia nyama mbichi kwenye chupa, akazipika ndani ya jungu kubwa la presha, akazipanga rafuni kama duka. Tukasema presha si presha? Na sisi tunayo. Tukapika chupa 24, nyama na maharage, kwenye presha kuka ya kawaida ile inayopiga filimbi, dakika arobaini kila mkupuo. Zilipopoa, vifuniko vilibonyea ndani vyenyewe na kulia "tak". Tulifurahi kwa ule mlio! Tuliziuza zote ndani ya siku tatu.

Siku ya tisa tukapigiwa simu na mteja. Chupa yake moja kifuniko kimevimba juu kama tumbo, na ukiibonyeza inarudi. Tukamwambia asiifungue. Tukazunguka mji mzima kwa bodaboda kukusanya chupa zilizobaki. Kumi na moja tulizipata. Nyingine zilikuwa zimeshaliwa, na wiki ile tulikuwa hatulali, kila simu ikilia tunasema ndiyo hiyo. Alhamdulillah hakuna aliyeumwa. Pesa tulirudisha kwa wote, waliokula na wasiokula, na zilitoka kwenye fungu la kununulia satini. Baada ya hapo tukakaa chini tukasoma kile tulichotakiwa kusoma kabla.

Tulichokielewa ni hiki. Kuna kidudu kinaitwa klostridiamu botulinamu. Kinakaa kwenye udongo, hata kwenye mchanga wa bahari, na mbegu zake zinaweza kuwa juu ya kitunguu, juu ya samaki, juu ya maharage, bila kutudhuru. Zikikaa kwenye hewa zinalala tu. Lakini ukizitia mahali pasipo hewa, pasipo ukali wa ndimu au siki, penye umajimaji na joto la kawaida la nyumba, zinaamka na kutoa sumu, na ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana. Sasa itazame ile chupa. Imefungwa, hewa imetoka, ndani mna nyama laini isiyo na ukali wowote, imewekwa kabatini Unguja kwenye joto letu hili. Ule mlio wa "tak" tulioufurahia ulikuwa unatuambia hewa imetoka, basi. Haukutuambia mbegu zimekufa. Tulikuwa tumezitandikia kitanda.

Na kuchemsha hakuziui. Maji hapa kwetu pwani yanachemka kwa nyuzi 100, uyachemshe saa moja au saa tatu ni nyuzi 100 hizohizo, na mbegu zile zinastahimili. Zinahitaji nyuzi 116 mpaka 121, na kwa chakula kilichomo ndani ya chupa joto hilo linapatikana kwa presha peke yake.

Hapo ndipo watu wengi wanaposema, mbona presha ninayo. Tunajua, na sisi tulisema. Tatizo si kwamba presha kuka ya jikoni haipati moto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeipimia kazi hiyo. Wale Wamarekani hawakubahatisha. Wizara yao ya Kilimo ina kitabu kizima cha mambo haya, na kila chakula kimepimwa joto linachukua muda gani kufika katikati ya chupa. Na walipopima walitumia jungu kubwa, zito, linaloingia angalau chupa nne za karibu lita moja zikiwa zimesimama. Jungu hilo linachukua muda kupanda moto na muda mrefu kupoa, na ule muda wa kupanda na kupoa umehesabiwa ndani ya uuaji wenyewe. Presha kuka yetu ndogo inapanda haraka na kupoa haraka. Hata ukihesabu dakika zilezile hujapata kazi ileile. Na zile presha za umeme zenye vitufe, bi harusi anazoletewa zawadi siku hizi, nazo ni za kupikia. Pika pilau, pika maharage, usihifadhi chupa.

Sisi mafundi tunalielewa hili kwa haraka. Mtu akikwambia kata kanzu kwa kukisia, si utakataa? Na kanzu ikikosea unashona nyengine.

Wako wachache wenye jungu lenyewe la kuhifadhia, wameletewa na ndugu kutoka Marekani au Uingereza. Hao hatuwaambii walitupe, tunawaambia walitumie kama lilivyo. Kwanza litazame. Kitundu cha mvuke kwenye mfuniko kiinue juangani uone mwanga upande wa pili, maana ganda moja la harage likiziba hapo jungu linageuka bomu. Mpira wa mfuniko usiwe mkavu wala usiwe na ufa. Kama lina geji ya mshale, ipimwe kila mwaka, kwa sababu mshale unaweza kukudanganya kama futi ya plastiki iliyovutika; unapima inchi 36 kumbe ni 37, na gauni unaliona limekaa vibaya siku ya harusi. Kama hujui pa kuipimisha, bora jungu la kizito kuliko la mshale.

Maji yawe kiasi cha inchi mbili au tatu chini, chupa zikae juu ya wavu wake, zisiguse kitako. Chupa usiijaze mpaka mdomoni, acha inchi moja. Funga mfuniko lakini kizito usikitie bado. Washa moto, subiri mvuke utoke kwa nguvu mfululizo, kisha hesabu dakika 10 kamili mvuke ukitoka tu. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka kwa haraka. Hewa ikibaki ndani imechanganyika na mvuke, geji itakuonyesha presha ya kutosha lakini joto halipo. Baada ya dakika 10 ndipo unapotia kizito. Huku kwetu usawa wa bahari ni pauni 10 kwa jungu la kizito na 11 kwa la mshale. Mwenye ndugu Arusha au Iringa amwambie kwamba kwao huko juu lazima presha iongezwe, asichukue kipimo chetu.

Saa unaanza kuihesabu presha ikishafika, si ulipowasha moto. Nyama ya vipande kwenye chupa ya painti, yaani karibu nusu lita, ni dakika 75. Maharage yaliyorowekwa na kuchemshwa kwanza, 75 pia. Jodari ni dakika 100. Ikishuka chini ya kipimo hata kidogo, unapandisha na kuanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kwa hiyo huondoki jikoni. Husemi nakwenda kuswali narudi. Ama umeswali kabla, ama kuna mtu mzima amesimama pale. Na mtandio ufunge nyuma, mikono ya dera ikunje. Tumeona madera yaliyoletwa kwetu kutiwa kiraka cha moto.

Ukizima, liache. Usilimwagie maji ya bomba kama tunavyofanya kwa presha ya maharage, chupa zitapasuka au mchuzi utafyonzwa nje. Liache lishuke lenyewe mpaka sifuri, toa kizito, subiri tena dakika 10, ndipo ufungue mfuniko ukiuelekeza mbali na uso wako. Chupa zipange juu ya kitambaa, usikaze vifuniko, mpaka kesho yake. Na vifuniko ni vile maalumu vya kutumika mara moja. Kifuniko cha chupa ya mayonezi kilichokwisha kazi yake si kifuniko cha kazi hii.

Halafu mkumbuke, hata ukiwa na jungu hilo si kila chakula kinaingia. Mchuzi mzito, wenye unga au maziwa, joto haliupenyi kama linavyopenya supu nyepesi, na wapimaji wanaukataza. Pweza wa nazi hayumo kabisa katika kitabu chao, hana dakika zake. Ndiye aliyekuwa mbele kwenye picha ya bi harusi wetu, na utepe wake.

Kwa hiyo rai yetu, na tunaisema waziwazi ingawa wako watakaoona tunawakatia watu riziki: kwa nyumba zetu hizi, nyama, samaki, pweza, maharage na michuzi ya nazi tusiiweke kwenye chupa ya kabatini. Piga hesabu ya gesi tu: dakika 10 za mvuke, 100 za jodari, na muda wa kupanda. Jodari anauzwa Darajani kila siku.

Tunajua kwa nini watu wanataka chupa. Sisi wa Unguja hatujasahau giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu bila umeme, waya wa chini ya bahari umekufa. Tulikuwa wasichana, na tunakumbuka mama zetu wakigawa nyama ya friza kwa majirani siku ya kwanza kabla haijaoza. Mtu aliyepitia hayo akiona chakula kisichohitaji umeme moyo unamwenda. Lakini giza la siku hizi mara nyingi ni la saa, na friza iliyojaa ikifungwa bila kufunguliwafunguliwa inashika baridi kama siku mbili. Ikiwa nusu, siku moja. Ndiyo maana sisi nafasi tupu tunazijaza chupa za maji, zigande.

Kuna wanaotujibu kwamba bibi zetu walihifadhi bila friji wala vitabu. Kweli, lakini walihifadhi nini na vipi? Samaki walimpasua wakamtia chumvi wakamuanika, akawa ng'onda. Papa akawa papa mkavu. Pweza walimkausha juani. Embe, ndimu na mbilimbi wakazitia chumvi na ukali zikawa achari. Hatukuwahi kusikia bibi aliyefunga nyama ya mchuzi kwenye chupa akaiweka miezi sita. Ukavu, chumvi na ukali ndivyo vinavyomzuia kidudu huyu kuamka, na wao walivishika vyote vitatu bila kujua jina lake.

Bi harusi mwenye hamu ya rafu la chupa afuate njia hiyohiyo. Achari ya mbilimbi, achari ya embe, chatne, jamu. Siki iwe ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, usiizimue kwa maji kwa kuogopa ukali. Tungule ziko katikati, ukali wake hautoshi kuaminiwa peke yake, kwa hiyo kila painti inatiwa kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau ya chupa (ya chupa, kwa sababu ukali wake ni mmoja, limau la mtini linabadilika), kisha, kama tungule zimepondwa na kuchemshwa kwanza, chupa zinachemshwa ndani ya maji yaliyozifunika kwa dakika 35. Hapo presha haihitajiki. Lakini ukishatia vitunguu, thomu na mafuta ukafanya rojo, hiyo si tungule tena, ni ya friza.

Na tukitaja thomu, tuseme hili maana liko kila nyumba. Thomu na tangawizi ya kusaga iliyofunikwa mafuta, ikawekwa juu ya kabati la jiko mwezi mzima, ni hatari ileile. Mafuta yameziba hewa. Isage, itie kwenye vibweta vya barafu, igandishe, uwe unachukua kimoja kimoja. Hata ladha inabaki nzuri zaidi.

Mama wachanga nao. Asali ina mbegu hizohizo mara nyengine, haitudhuru wakubwa, lakini tumbo la mtoto chini ya mwaka mmoja haliwezi kuzizuia. Tahniki ni kwa tende, ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w). Asali mwacheni mtoto afikishe mwaka.

Dalili zake watu hawazijui, wanadhani ni uchovu wa saumu. Huanza mara nyingi baina ya saa 12 na 36 baada ya kula, na huweza kuchelewa siku kadhaa. Macho yanaona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, ulimi mzito, kumeza shida, mdomo mkavu, kisha udhaifu unashuka mwilini mpaka kwenye kifua cha kupumulia. Homa mara nyingi haipo. Mtu wa namna hiyo anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, si kesho, si baada ya kusomewa kwanza, na aliyempeleka amwambie daktari alikula nini. Ipo dawa ya kupinga sumu na inafaa ikiwahi. Anasomewa na huku yuko njiani.

Sumu hiyo haina harufu wala ladha. Ile chupa yetu iliyovimba ilitusitiri kwa kuvimba. Nyengine haivimbi. Kwa hiyo usionje ili kujua.

Hili la kuuza ndilo linalotuuma zaidi. Ukipika chako ukakosea, umekosea nyumbani kwako. Ukiuza, mwenzako amekuamini hadi tumboni. Mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, juu pakavu, ndani pamelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu chini watu wasiuone. Yule muuzaji alijua chakula chake kimeloa mvua. Sisi tulikuwa hatujui chetu kina nini ndani, na tukaandika "hakiharibiki" kwa kalamu ya rangi. Sasa kila Rajabu tunaona matangazo kwenye simu, chupa za nyama, za pweza, za rojo la thomu, "inakaa mwaka". Dada unayeuza, umejuaje kwamba inakaa mwaka? Na wewe mnunuzi muulize hivyohivyo, kwa adabu, kabla hujatuma pesa. Anayeuza vya kugandisha atakwambia viko friza tangu lini.

Bi harusi wetu tulimwambia yote haya amesimama na pini kiunoni, hawezi kukimbia. Alilia. Siku mbili za kupika, na pweza si rahisi. Jioni mama yake akapiga simu, mkali kidogo, akidhani tumemtisha mwanawe bure. Wifi akamsimulia habari ya chupa zetu 24 na ya kwenda kugonga milango ya watu, akanyamaza. Chupa zote kumi na mbili hazikufunguliwa. Zimetiwa kwenye mifuko miwili miwili zikafukiwa shimo refu, paka wasifike.

Utepe tuliwaomba wautoe kwanza. Umefungwa kwenye chupa sita za achari ya mbilimbi na nne za chatne ya embe, alizipika na khalati yake Jumapili. Sambusa mia mbili ziko friza kwa mama mkwe, naye ameshasema zimebanwa vizuri kona. Gauni bado ukosi, na kuna shanga upande wa kushoto, linachukuliwa Alkhamisi in shaa Allah.